Leseni ya Mbwa Haimfikii Anayezalisha Mbwa

Jioni ya Ijumaa, foleni ikikaza kwenye barabara za upande wa magharibi wa Nairobi, utawaona vijana wamesimama kando ya lami, kila mmoja amemkumbatia mtoto wa mbwa kifuani. Gari likipunguza mwendo, mmoja anasogea dirishani. "Madam, huyu ni Jamani Shepadi safi. Ana wiki nane, chanjo amepata." Bei inaanzia juu, inashuka kadiri magari ya mbele yanavyoanza kusonga. Pesa zinatumwa kwa simu, kilebu anapitishwa dirishani, gari linaondoka. Mnunuzi hajui jina kamili la aliyemuuzia, wala ua alimozaliwa yule mbwa.

Tuseme siku ya tano kilebu anakataa chakula. Anatapika, anaharisha damu yenye uvundo, ikifika jioni hawezi kusimama. Daktari wa mifugo anampima na kusema ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa vilebu. Mwenye mbwa anapiga ile namba, haipatikani. Hapo ndipo anapoanza kuuliza maswali ambayo nimeyasikia kwa watu wa kila namna jijini. Hawa wanaozalisha mbwa wanasimamiwa na nani? Kuna leseni? Na mtu akijua ua fulani mtaani ambamo majike kumi wamefungiwa gizani, ampigie nani simu, na huyo atakayekuja ana mamlaka gani ya kufunguliwa lango?

Majibu yapo, ila yametawanyika katika sheria kadhaa zilizotungwa nyakati tofauti na watu waliokuwa na hofu tofauti. Moja iliogopa ukatili, nyingine iliogopa kichaa cha mbwa, nyingine iliogopa mbwa wanaozurura. Ukizisoma pamoja utaona zinamfikia mwenye mbwa, zinamfikia na mbwa wa barabarani, lakini hazifiki kwenye banda la jike anayezaa. Wala hazimwelezi vya kutosha mkaguzi namna ya kuingia kwenye banda hilo na kutoka bila kuharibu kesi. Mambo haya mawili yanahusiana kuliko tunavyodhani, na nitayaeleza moja baada ya jingine.

Jike na hesabu zake

Nianze na jike, kwa kuwa ndiye asiyeonekana. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Majike wengi huingia kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, takribani kila miezi sita au saba, kwa hiyo anayepandishwa kila anapoingia joto anaweza kuzaa karibu mara mbili kwa mwaka. Jamani Shepadi kuzaa watoto saba au wanane si ajabu. Kila mmoja akiuzwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi, uzao mmoja unalipa kodi ya nyumba ya miezi mingi.

Anayetaka faida zaidi ana mahali pachache pa kubana: chakula cha mama, dawa ya minyoo, chanjo, nafasi na muda. Muda ndio unaobanwa kwanza. Kilebu anayekaa na mama yake hadi wiki ya nane anakula kwa mzalishaji wiki tatu zaidi kuliko yule anayeuzwa akiwa na wiki tano, na huyo wa wiki tano ni mdogo, amenona tumboni, anamvutia mnunuzi haraka. (Mara nyingi tumbo hilo la mviringo ni minyoo.)

Katika wiki hizo tatu ndipo kilebu hujifunza kwa mama na ndugu zake kwamba kuuma kunaumiza, na huzoea sauti, harufu na mikono ya watu akiwa bado na pa kukimbilia. Aliyenyimwa hayo aghalabu hukua mwoga, na mbwa mwoga huuma bila kutazama ni nani. Wanairobi wengi hununua mbwa kwa ajili ya ulinzi, na wapo wanaomchukua mbwa mwoga kuwa mkali na mkali kuwa mlinzi. Wanaoumia ni watoto wa nyumbani, mfanyakazi wa nyumbani na kijana anayeleta gesi.

Chanjo nayo ina mkanganyiko wake. Chanjo ya parvo na distempa, ugonjwa mwingine wa virusi, huanza kilebu akiwa na wiki sita hadi nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afikishe wiki 16 au zaidi. Sababu ya kurudia ni kwamba kinga aliyoipata kwenye maziwa ya kwanza ya mama yake huweza kuizuia chanjo isishike, na kwa macho huwezi kujua kinga hiyo itaisha siku gani. Kuna kipindi ambapo kinga ya mama haitoshi tena kumlinda mtoto, lakini bado inatosha kuiharibu chanjo. Kilebu wa kuuzwa hubebwa barabarani katika kipindi hichohicho, akishikwashikwa na kila mpita njia, akilazwa kwenye boksi walimolala vilebu wa jana. Virusi vya parvo hudumu sakafuni na kwenye udongo kwa miezi mingi, na sabuni ya kawaida haiviui; jiki huviua. Dalili kwa kawaida hutokea siku tatu hadi saba baada ya maambukizi, ndiyo maana mbwa huugulia kwa mnunuzi na si kwa muuzaji.

Chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kawaida, hutolewa akifika miezi mitatu. Maana yake ni kwamba kilebu wa wiki nane anayeuzwa barabarani, hata muuzaji awe mkweli vipi, hajaipata chanjo hiyo. Jukumu limebaki kwa mnunuzi, naye amekwisha kuambiwa kila kitu kimefanywa. Kwa nchi inayokadiria kwamba watu 2,000 hivi hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, na iliyojiwekea mpango wa 2014 hadi 2030 wa kukomesha vifo hivyo, hili si la wapenda mbwa peke yao. Ugonjwa huu uliripotiwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyekuwa viungani mwa Nairobi. Wataalamu husema angalau asilimia 70 ya mbwa wanapaswa kuchanjwa ili maambukizi yakatike. Kila uzao unaotawanywa bila rekodi unaongeza mbwa wasio kwenye hesabu ya mtu yeyote, na baadhi yao, wakishakua na kula kuliko ilivyotarajiwa, hufunguliwa lango usiku na kuachwa. Hao ndio tunaowaita mbwa koko. Kwa miaka mingi jibu la serikali kwao lilikuwa nyama yenye sumu ya striknini, sumu inayokakamaza misuli huku mnyama akiwa na fahamu zake zote.

Wapo wazalishaji wa aina nyingine kabisa. Nawafahamu wanaokaa miezi kumi na nane bila kumpandisha jike wao, wanaompiga picha ya eksirei ya nyonga kabla ya kumzalisha kwa sababu Jamani Shepadi hurithi ubovu wa nyonga, na wanaomhoji mnunuzi kuliko mnunuzi anavyowahoji. Baadhi yao husajili mbwa wao katika East Africa Kennel Club, klabu ambayo kwa miongo mingi imetunza orodha za nasaba za mbwa wa asili safi hapa kwetu. Lakini nasaba ni habari ya mababu. Karatasi hiyo haikuambii kama mama alikuwa na maji leo asubuhi, na klabu ni ya wanachama, haina mamlaka ya dola juu ya asiyejiunga. Wazalishaji hao wazuri ndio wa kwanza kuumizwa na hali ilivyo sasa, maana wanashindana kwa bei na mtu asiyelipia chochote.

Sheria zinakoishia

Sheria kuu ni ile ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kifungu chake cha 3 kinaharamisha kumpiga mnyama kikatili, kumtesa, kumnyima chakula, kumfungia namna inayomletea mateso yasiyo ya lazima, na mengine ya jinsi hiyo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Shilingi 3,000 zilikuwa mali wakati sheria ilipotungwa. Leo hazimnunui hata kilebu mmoja kati ya wale walio kwenye ua unaoshtakiwa. Hakimu anaweza kumfunga mkosaji, ni kweli, lakini mwendesha mashtaka mwenye mafaili ya wizi wa mabavu mezani ataipa uzito gani kesi ambayo bunge lenyewe limeitia bei hiyo?

Hata hivyo faini si tatizo langu kubwa na sheria hiyo. Tatizo ni kwamba inangoja mateso yatokee kwanza. Inamtaka anayefunza wanyama kwa ajili ya maonyesho awe na kibali, na anayewafanyia majaribio ya kisayansi vilevile. Anayezalisha mbwa kwa mauzo haimwulizi lolote mpaka mtu alalamike, na wa kulalamika nani, ikiwa ua una ukuta wa futi nane na mabati juu yake?

Katiba ya 2010 ilileta mlango mwingine. Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, linazikabidhi kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo utoaji wa leseni za mbwa na vituo vya kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Kwa mamlaka hayo Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria yake ya udhibiti na ustawi wa mbwa mwaka 2015. Kwa hiyo mtu akikuambia kaunti haina uwezo wa kisheria wa kugusa jambo hili, amekosea. Uwezo upo kwenye Katiba yenyewe.

Lakini leseni ya mbwa inamtambulisha mbwa mmoja na mwenyewe. Leseni ya kuzalisha ingeuliza mambo mengine: majike ni wangapi, kila mmoja amezaa mara ngapi na lini, watoto wanaondoka wakiwa na umri gani, uchafu unakwenda wapi, daktari gani huja na huja lini. Kitambulisho cha mpishi na cheti cha afya cha jiko lake ni karatasi mbili, na hakuna anayekubali moja badala ya nyingine. Wala kibali cha biashara cha kaunti hakizibi pengo hilo, kwa sababu kinatazama eneo na ada, na mzalishaji wa nyuma ya nyumba hajawahi kujitangaza kuwa na biashara.

Sheria nyingine nitazipita haraka. Ile ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, na ile ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, zinawapa maofisa wa mifugo nguvu kubwa pale ugonjwa unapozuka, na zimeandikwa kwa ajili ya dharura. Sheria ya 2011 ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao iliunda Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na hii ina faida ya moja kwa moja kwa mnunuzi: mtu anayetoa tiba ya mifugo sharti awe amesajiliwa na bodi, kwa hiyo sahihi iliyo kwenye kadi ya chanjo inaweza kuulizwa. Itazame kadi yenyewe kwa karibu. Daktari akichanja hubandua kile kibandiko kidogo kwenye chupa ya chanjo, chenye jina la chanjo na namba ya toleo, akakibandika kwenye kadi, akaweka tarehe, sahihi na mhuri. Kadi yenye tarehe tatu zilizoandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, bila kibandiko hata kimoja, iliandikwa siku moja.

Na yule aliyefiwa na kilebu siku ya tano? Kisheria amenunua bidhaa, hata kama moyo wake hauamini hivyo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, na ile ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 zinaweza kumsaidia, na tangu 2021 ipo Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na kutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Anachokosa ni jina na anwani ya kuandika kwenye hati ya madai.

Mkaguzi akibisha hodi

Upande huu wa pili watetezi wenzangu wa wanyama hawapendi kuugusa. Mkaguzi naye lazima adhibitiwe, na nayasema haya kwa ajili ya mbwa kwanza, kisha kwa ajili ya haki ya mwenye ua.

Mbwa kisheria ni mali. Ibara ya 40 ya Katiba inalinda mali, ibara ya 31 inalinda faragha na kukataza mtu kupekuliwa nyumba yake au kunyang'anywa vitu vyake kiholela, ibara ya 47 inadai kila hatua ya kiutawala iwe ya haki, na ibara ya 50 inampa mshtakiwa kesi ya haki. Njia salama ya kuingia ua wa mtu asiyetaka kufungua ni kibali cha upekuzi kutoka kwa hakimu, chini ya kifungu cha 118 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Polisi na wakaguzi walioteuliwa kisheria wana mamlaka. Jirani mwenye hasira hana, na mtu mwenye wafuasi laki moja mtandaoni hana.

Fikiria uvamizi unavyoharibika. Jirani amesikia vilio, ametuma video kwenye makundi ya WhatsApp. Kufikia saa nne asubuhi watu thelathini wako langoni, simu juu. Mmoja anaruka ukuta. Majike wanapakiwa kwenye pikapu pamoja na vilebu ambao si wao, walio wazima pamoja na wanaoharisha. Hakuna orodha, hakuna daktari, hakuna anayeandika nani alifungiwa wapi. Kwenye mitandao ni ushindi. Wiki mbili baadaye parvo imeingia kwenye makao yaliyowapokea, na miezi kadhaa baadaye wakili anasimama mahakamani na kuuliza swali moja rahisi: huyu mbwa aliye kwenye picha namba nne ndiye yupi kati ya hawa, na nani anasema alikonda kwa njaa?

Swali hilo la pili si ujanja. Jike anayenyonyesha watoto wanane anaweza kuonekana mifupa mitupu huku analishwa mara nne kwa siku. Homa za kupe, ambazo hapa Nairobi ni za kawaida sana, zinamkondesha mbwa wa tajiri kama za maskini. Kuna mtu mmoja tu anayeweza kutenganisha njaa na ugonjwa mbele ya hakimu, naye ni daktari wa mifugo aliyekuwepo siku ile. Daktari huyo hupapasa mbavu na nyonga na kumpa mbwa alama ya hali ya mwili, kutoka moja hadi tisa. Hufunua mdomo kutazama rangi ya ufizi. Hutazama kucha, kwa sababu kucha zilizojikunja zinasema mnyama hajatembea kwenye ardhi ngumu kwa muda mrefu, na nyayo zilizobabuka zinasema amekuwa akisimama kwenye mkojo. Hutazama sufuria ya maji kama ina ukungu wa kijani, na kinyesi kama ni cha leo au cha tabaka la wiki nzima. Kila mbwa anapata namba, picha na ukurasa wake, na nakala ya orodha inaachiwa mwenye ua, aliyekubali na asiyekubali. Kazi hiyo ni ya saa nyingi na haipendezi kwenye video, lakini ndiyo inayofika mahakamani ikiwa nzima.

Halafu kuna suala la pa kuwaweka. KSPCA, shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama lililoanza mwaka 1910 na lenye makao yake Karen, ndilo watu wengi wa Nairobi hulikimbilia, na limefanya kazi kubwa ya uokoaji, kuhasi na kuwatafutia mbwa nyumba mpya. Lakini si idara ya serikali. Linaendeshwa kwa michango, na lina mabanda yenye idadi. Mbwa arobaini wakishikwa leo kama ushahidi, wanakula leo, kesho na kila siku mpaka kesi iishe. Wasipoweza kugawiwa kwa watu, wanaokaa miaka kwenye kizimba ni wao. Wakigawiwa kabla ya hukumu na mshtakiwa akaachiliwa, mali ya mtu imetolewa bila amri.

Waingereza wamelijibu hili kwa uwazi, na inafaa kutazama walivyofanya. Sheria yao ya Ustawi wa Wanyama ya 2006 ina ngazi. Kifungu cha 10 kinamruhusu mkaguzi kutoa notisi ya kurekebisha: rekebisha haya, kufikia tarehe hii. Kifungu cha 18 kinahusu mnyama anayeteseka sasa hivi, na kwa kawaida ni daktari wa mifugo anayethibitisha kwamba anateseka ndipo achukuliwe. Kifungu cha 20 kinaipa mahakama uwezo wa kuamua, kesi ikiwa bado inaendelea, mnyama akabidhiwe nani, atibiwe au auzwe. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani mshtakiwa hutakiwa kuweka dhamana ya matunzo ya wanyama waliochukuliwa, asipolipa anapoteza umiliki. Mimi njia hiyo ya dhamana siipendi ikiletwa Nairobi ilivyo, kwa sababu mwenye pesa atangoja hukumu na asiye nazo atahukumiwa na deni. Uamuzi wa hakimu wa mapema, baada ya kusikiliza pande zote mbili na daktari, ni bora zaidi.

Kutoka hukohuko Uingereza kuna somo kuhusu nani ashtaki. RSPCA, shirika lao la kuzuia ukatili kwa wanyama lililoanzishwa mwaka 1824, kwa muda mrefu imekuwa ikichunguza na kushtaki yenyewe kesi za ukatili, ingawa wakaguzi wake hawana mamlaka ya kuingia nyumba ya mtu bila polisi na kibali. Shirika linaloomba michango kwa umma na wakati huohuo linaamua nani apelekwe kortini litashukiwa daima, hata likitenda haki. Mwaka 2014 lilifanyiwa tathmini huru ya jinsi linavyoendesha mashtaka, na 2021 likatangaza nia ya kuwakabidhi waendesha mashtaka wa serikali kazi hiyo. Kenya tuna bahati hapa: ibara ya 157 imekwisha kumpa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kazi hiyo. Kinachohitajika ni kuwafunza waendesha mashtaka, kazi ambayo ANAW, shirika la ustawi wa wanyama la Nairobi lililoanza 2006, imekuwa ikiifanya kwa polisi na mahakama.

Na ukaguzi bila matokeo? Marekani imetuonyesha. Kwa sheria yao ya ustawi wa wanyama ya 1966, mzalishaji mwenye majike zaidi ya wanne wa kuzalisha kwa jumla huhitaji leseni ya Wizara ya Kilimo, ila anayewauzia wanunuzi ana kwa ana husamehewa. Huko Cumberland, jimbo la Virginia, kampuni ya Envigo ilizalisha mbwa kwa ajili ya maabara. Kuanzia 2021 wakaguzi wa wizara waliandika makosa mengi, ripoti baada ya ripoti, na leseni ikabaki ukutani. Mpaka Mei 2022 Wizara ya Sheria ilipokwenda mahakamani ndipo mbwa 4,000 hivi walipotolewa na kupelekwa kwenye nyumba za watu. Mwaka 2024 kampuni ilikiri makosa na kukubali kulipa zaidi ya dola milioni 35. Mkaguzi alikuwepo muda wote huo, ameona na ameandika. Katika nchi hiyohiyo, mwaka 2017, Wizara ya Kilimo iliondoa ripoti za ukaguzi kwenye tovuti yake, na wanunuzi wakakosa pa kumtazamia mzalishaji mpaka zilipoanza kurejeshwa kwa amri ya bunge mwaka 2020.

Leseni inayofika bandani

Nairobi inaweza kuanza na vitu vichache. Leseni ya kuzalisha iwe ya kila anayeuza vilebu kwa kawaida, hata mwenye jike mmoja mtaani Kayole, lakini ada ya mdogo iwe ndogo sana na ya mwenye majike wengi ipande. Nakubaliana na wanaosema ada kubwa itageuka chambo cha rushwa: askari wa kanjo, yaani wa kaunti, atapata lango jipya la kubisha kila Ijumaa, na mzalishaji mbovu atamlipa kwa furaha. Ndiyo maana anayekagua awe daktari wa mifugo aliyesajiliwa, ripoti yake isomeke hadharani, na namba ya leseni iandikwe kwenye kila tangazo, la barabarani na la mtandaoni.

Masharti yenyewe Uingereza imeyaandika kwa lugha rahisi tangu 2018: jike asipandishwe kabla ya mwaka mmoja, asizae zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12, asipandishwe tena akishazalishwa kwa upasuaji mara mbili. Tangu Aprili 2020, kwa kile kinachoitwa Sheria ya Lucy, madalali wa kibiashara hawaruhusiwi kuuza vilebu wa chini ya miezi sita; mnunuzi anamwendea mzalishaji na kumwona kilebu akiwa na mama yake. Huyo Lucy alikuwa jike aliyeokolewa kwenye shamba la kuzalishia mbwa huko Wales mwaka 2013, uti wa mgongo wake umepinda kwa kufungiwa. Sharti hilo moja la kumwona mama lingemaliza uuzaji wa dirishani hapa kwetu kuliko msako wowote wa askari. Walaghai huko wamejaribu kukodi mama wa uongo, lakini jike anayenyonyesha hajifichi: matiti yake yamejaa, na vilebu wake humkimbilia bila kuitwa.

Hayo ni ya kutungiwa sheria. Kwa leo, ukishuku mateso kwenye ua fulani, usiruke ukuta. Andika tarehe na saa ulizosikia au kuona, kila siku kwenye mstari wake, na upige picha ukiwa mahali unaporuhusiwa kusimama. Nenda kituo cha polisi cha eneo lako, taja Sura ya 360 kifungu cha 3, na usiondoke bila namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo. Namba hiyo ipeleke kwa ofisa wa mifugo wa kaunti ndogo na kwa KSPCA, kwa maandishi, kisha uwaombe jambo moja mahususi: daktari wa mifugo awe kwenye gari la kwanza litakalofika.